Chujio la Bwana Afya

3 Machi

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Mwili wangu mzima, roho yangu usiniulize. Natumai mgongo wako umepoa, maana kubeba masanduku ya wageni hotelini kutwa nzima si mchezo.

Kwanza nikutoe wasiwasi: juzi si mtandao uliokatika. Nilikukatia simu mwenyewe, kwa kidole changu, na nilijisikia vizuri. Kwenye simu ukishafungua mdomo husikii la mtu. Mimi nasema pampu, wewe unasema "ngoja kwanza, dada, ngoja nikueleweshe." Basi leo nimesukuma cherehani pembeni, nimekaa mezani, naandika kwa mkono. Nikimaliza napiga picha nakutumia. Karatasi huwezi kuikatiza. Na wewe nijibu hivyo hivyo, kwa kuandika, maana simu yako siipokei mpaka nitakapojisikia.

Habari yenyewe ni hii. Jumamosi umeme ulirudi kwa kishindo ukaunguza pampu ya tangi la samaki la Baba. Lile sanduku la kioo linalokaa juu ya tangi, alilolitengeneza mwenyewe kwa mikono yake, halina tatizo. Sponji zake nzima, changarawe zake zipo. Kilichokufa ni pampu tu, ya kuyapandisha maji yapite kwenye sanduku yachujwe, kisha yadondoke tena chini. Kwa sasa kazi ya pampu naifanya mimi. Nachota kwa jagi, namwagia juu, nachota, namwagia. Mteja anasimama mlangoni na gauni lake mkononi ananitazama kama nimechanganyikiwa.

Sijui kama unaelewa hilo tangi limekuwa nini humu ndani. Tangu ile asubuhi Baba alipoanguka bafuni hajatamka neno. Mkono wa kulia umelala. Yule bwana wa mazoezi ya viungo anambembeleza atembee, Baba anamtazama tu. Mimi nikimbembeleza, ndiyo kabisa, anafumba macho. Anayemtoa kitandani ni Bwana Afya peke yake. Unamkumbuka, yule samaki mkubwa mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa, Baba aliyempa jina hilo kwa sababu ukiingiza chochote kwenye tangi lazima aje akikague, utadhani anatafuta kosa akupige faini. Kila asubuhi Baba anashika ukuta, hatua kwa hatua mpaka kwenye kiti mbele ya tangi. Anaweka kidole cha kushoto kwenye kioo. Bwana Afya anakuja. Baba anasogeza kidole, samaki anafuata, toka pembe hii mpaka pembe ile na kurudi. Ndiyo mazoezi yake, ndiyo maongezi yake. Samaki huyu akifa, Baba harudi kwenye kile kiti. Sikutishi, nakwambia ninachokiona.

Kwa hiyo naomba pampu moja, yenye nguvu ya kupandisha maji mpaka usawa wa kifua changu. Madukani hapa wana za kuchezea tu. Usiniongezee kitu kingine, pampu basi.

Dada yako.


9 Machi

Kwako dada,

Shikamoo. Huku nilipo baridi imepungua na mgongo unaendelea vizuri, asante kwa kuuliza. Natumai na wewe hasira zimeshuka kidogo, maana barua yako niliisoma nimesimama.

Kunikatia simu si vizuri. Mimi si mtoto. Lakini tuyaache.

Nimelifanyia kazi suala lako. Hapa hotelini pale wageni wanapoingilia kuna tangi kubwa mara mbili ya la Baba, na kuna bwana analihudumia, tumezoeana. Nilimweleza habari ya sanduku la juu akacheka. Si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeonyeshwa redio ya babu yake. Amenieleza kwamba siku hizi watu wana chaguo. Kuna chujio dogo la sponji linaloendeshwa kwa mapovu ya hewa, hilo ni la samaki wadogo, Bwana Afya atalimaliza nguvu kwa wiki. Anakula sana, na anayekula sana unajua mwenyewe anaacha nini. Kuna la kuning'inia nyuma ya kioo, ni zuri, lakini kwa tangi refu kama lile ungehitaji mawili au matatu, na tangi lenyewe limeegeshwa ukutani, utaliningʼiniza wapi? Halafu kuna la mtungi. Huo ni mtungi uliofungwa vizuri, unakaa ndani ya kabati chini ya tangi. Maji yanashuka kwa bomba moja, yanapita kwenye sponji na vigae vyake vya kuchujia, yanapanda kwa bomba jingine. Huoni kitu, husikii kitu. Maji yanakuwa meupe mpaka unadhani samaki wanaelea hewani.

Dada, Baba amekaa na lile sanduku miaka mingapi? Linamwaga maji ukutani, rangi imebabuka, usiku linatiririka kama mtu kasahau bomba. Mzee anaumwa, anastahili kitu cha maana. Nimeshaununua mtungi, mkubwa kuliko wote waliokuwepo dukani. Usiwe na wasiwasi na usitafute fundi wa kulitengeneza lile sanduku. Litoe tu, waite wanaonunua vitu chakavu, au livunje.

Msalimie sana Baba. Mwambie mwanawe anamfikiria.

Mdogo wako.


15 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Tu wazima. Wewe hatuna shaka, umeshiba na una nguvu ya kununua usichoagizwa.

Nilikuomba pampu. Nirudie? Pampu. Mtu akikutuma chumvi ukamletea kitanda, hata kiwe kitanda kizuri vipi, chakula chake bado hakina chumvi. Lakini ndivyo ulivyo tangu zamani, huwezi kutoa msaada mpaka uugeuze uwe wa kwako.

Unasema sanduku linatiririka usiku. Ndiyo. Chumba cha Baba kiko ukuta mmoja na tangi, na ule mtiririko ndio anaolalia. Amefanya kazi ya pampu za maji maisha yake yote, sauti ya maji yanayokwenda kwake ni kama mlango umefungwa vizuri. Tangu pampu iungue halali, anakodoa macho darini. Umemletea kitu ambacho hakisikiki, unaniambia ndiyo sifa yake.

Na jambo la pili. Lile sanduku liko wazi. Naona kila kitu. Sponji ikichafuka naiona, maji yakiziba nayaona, natoa mkono nasafisha, naendelea kushona. Sasa mtungi uliofungwa, ndani ya kabati, wenye mabomba na vifungio, nani ataufungua? Mimi? Au utakuwa unakuja wewe?

Baba si tangi la hotelini. Hawekwi pale ili wageni wapendezwe. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipouliza anakula nini, anaogeshwaje, kama vidonda vya mgongoni vimekauka. Umeuliza habari ya rangi ya ukuta. "Mwambie mwanawe anamfikiria." Nilimwambia. Alifumba macho.

Kama mtungi haujaondoka, urudishe dukani, ulete pampu.

Dada yako.


22 Machi

Dada,

Shikamoo. Sina la kuongeza kwenye salamu.

Mtungi umeshaondoka. Kifurushi kitafika wiki ijayo, mtu wa kampuni ya mizigo atakupigia, tafadhali simu yake upokee.

Umesema yako, sasa nisikilize na mimi. Nimechoka. Kila nikitoa kitu kina kasoro. Kiti cha magurudumu nilichotuma ulisema hakipiti mlangoni. Godoro ulisema gumu. Hakuna kitu nimewahi kufanya kikakutosha, na nimeanza kuelewa kwa nini. Wewe dada unapenda kuonewa huruma. Unapenda majirani wapite dirishani wakuone umeinamia cherehani huku mzee amelala chumba cha pili, waseme masikini, anambeba baba yake peke yake na ana mdogo wake ng'ambo. Mtu akikupunguzia mzigo unakasirika, kwa sababu bila mzigo hujui wewe ni nani. Unachota maji kwa jagi mbele ya wateja. Si ungefunga mlango? Unataka waone.

Haya nimeyaweka moyoni muda mrefu, na kwa kuwa ulisema karatasi haikatizwi, yamalize yote.

Unaniuliza kama nitakuwa nakuja. Unajua likizo yangu ilivyo. Unajua pia kwamba kila nikiuliza habari za Baba unanijibu habari za samaki. Samaki kafanya hivi, samaki kafuata kidole. Mimi sina samaki, mimi nina baba.

Sasa kuhusu mtungi. Fundi umeme yeyote ataufunga, maelekezo yamo ndani kwa picha. Ila kuna jambo moja. Yule bwana wa hotelini aliniuliza kama umeme wa kwetu unakatika. Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza, kisha akasema basi, sikiliza. Ndani ya chujio kuna vijidudu vizuri vinavyokula uchafu, na vinahitaji maji yanayokwenda ili vipate hewa. Sanduku la wazi umeme ukikatika havipati shida sana. Ila mtungi umefungwa, umeme ukikaa muda mrefu bila kurudi, vinakufa humo ndani na maji yanaoza. Kwa hiyo umeme ukikatika ukachelewa, chomoa waya. Fungua mtungi, mwaga maji yake yote nje, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Usiache ujiwashe wenyewe umeme unaporudi, maana uozo wote utasukumwa kwa samaki kwa mkupuo mmoja. Usisahau hilo.

Mdogo wako.


4 Aprili

Kwako,

Salamu. Baba hajambo.

Kifurushi kimefika, hakikuvunjika. Fundi umeme wa mtaa wa pili amekuja kuufunga mtungi. Sanduku la Baba nimegoma kulivunja, limekaa varandani limefunikwa kitambaa.

Maji ni meupe. Bwana Afya alikagua yale mabomba mawili siku nzima, akayagonga kwa mdomo, akaridhika. Baba anakaa kwenye kiti kama kawaida. Usiku bado halali.

Barua yako ilifika. Sitaijibu.

Dada.


6 Aprili

Dada, shikamoo,

Nimefurahi sana. Si unaona? Maji meupe, samaki mzima, mzee kwenye kiti. Nimemwonyesha yule bwana wa hotelini ujumbe wako akanipa mkono.

Tusahau yaliyopita. Ukipata nafasi nipigie picha ya Baba mbele ya tangi. Usipopata, basi.

Mdogo wako.


19 Mei

Wewe,

Salamu zako ziko wapi sijui, mimi sina za kukupa leo.

Bwana Afya amekufa. Na wale wakubwa wengine wawili. Wamebaki vikambare vidogo vya chini, vile visivyokufa kwa chochote.

Nitakueleza ilivyokuwa ili ujue ulichokituma. Transfoma ya mtaa iliungua Jumanne asubuhi. Mtaa mzima kimya. Nilikuwa na sare za shule za kumaliza, nikarudi kwenye kile cherehani cha miguu cha Mama, nikashona mpaka magoti yakauma. Jumatano mchana ndipo umeme uliporudi. Nilifurahi, nikachomeka pasi, nikaanza kunyoosha makola kwa haraka, maana mwalimu alikuwa anakuja kuzichukua jioni. Baba alikuwa kwenye kiti chake mbele ya tangi.

Akaanza kugonga kioo. Alikuwa na kijiko cha chai, akagonga kwa kile kijiko. Nikadhani anataka chai. Nikamwambia, Baba, subiri kidogo. Akagonga tena. Nikamwambia nakuja. Akagonga kwa nguvu, mfululizo, nikamkemea. Ndiyo, nilimkemea baba yangu mzazi, nikamwambia na mimi ni mtu, Baba, nina mikono miwili tu. Akaendelea kugonga. Alipoacha ndipo nikaenda na chai yake.

Maji yalikuwa na harufu ya mtaro. Samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wanatafuta hewa. Bwana Afya alikuwa amelala ubavu. Nilichomoa ule mtungi wako, nikachota maji machafu kwa ndoo, nikamimina safi, nikachota, nikamwaga, nimelowa mpaka kwenye nywele. Wapi. Fundi umeme alipokuja kuufungua, kilichotoka humo ndani kilikuwa cheusi, tukakimbia wote nje ya mlango.

Baba alikuwa fundi pampu. Alijua. Alikaa pale akatazama uozo unaingia kupitia bomba jipya linalong'aa, hana ulimi wa kuniambia "zima." Ana kijiko.

Nilimtoa Bwana Afya kwa beseni. Baba alinitazama nikimtoa. Kisha akashika ukuta, akarudi kitandani, akageukia ukutani. Hajanyanyuka tena. Bwana wa mazoezi amekuja, ameondoka. Kula anakula vijiko viwili, ninaponyanyua cha tatu anafunga mdomo.

Nilikuomba pampu. Ungetuma pampu, leo nisingekuwa naandika haya. Usinijibu.

Dada yako, kwa kuwa hilo siwezi kulibadilisha.


21 Mei

Dada,

Nakujibu.

Shuka kwenye simu yako mpaka barua yangu ya tarehe 22 Machi. Isome mpaka chini. Mpaka chini kabisa, dada. Nilikuandikia. Nilikwambia umeme ukichelewa chomoa waya, mwaga, suuza, ndipo uwashe. Nilikwambia usisahau. Wewe umeandika "barua yako ilifika, sitaijibu", na mimi mjinga nikaamini umeisoma.

Sasa unanibebesha mimi. Mimi nimekaa mbali hivi, nimemuua samaki kwa mkono gani? Aliyekuwa kwenye nyumba ni wewe. Baba alikuwa anakwambia kwa kijiko, kwa nguvu zake zote zilizobaki, na wewe ukamwambia asubiri makola yanyooke. Nimeisoma hiyo sehemu nikiwa chumba cha mizigo, nimezungukwa na masanduku ya watu, nikapiga teke sanduku la mgeni mpaka likafunguka. Nimepewa onyo kazini. Sijali.

Nimekasirika kiasi kwamba sijui nimkasirikie nani. Yule bwana wa hotelini ananisalimia, simwitikii. Alinyamaza pale niliposema umeme unakatika. Nilikiona kile kimya. Nikaamua kutokiona kwa sababu nilishalipenda lile chujio, lilikuwa zuri, na nilitaka angalau mara moja kitu changu kiwe ndani ya ile nyumba.

Na kuhusu kuja. Acha nikwambie kabla hujaniambia tena. Likizo ninayo. Nimekuwa nayo tangu mwaka jana. Siji kwa sababu naogopa. Baba ninayemjua mimi, sauti yake ilikuwa inafika barabarani. Akiwa kazini chini kwenye mashimo ya pampu, wenzake walikuwa wanamsikia wakiwa juu. Siwezi kuingia kwenye ile sebule nikamsalimia halafu kukawa kimya. Sijui nitafanya nini na uso wangu. Kwa hiyo natuma vitu. Ndiyo, natuma vitu. Umeridhika?

Mdogo wako.


27 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kutoka nyumbani. Nimechelewa kukujibu kwa makusudi, kwanza nilitaka hasira ipungue. Haikupungua, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Nimeifungua ile barua. Nimeshuka mpaka chini. Imo. Umeandika vizuri, umeeleza vizuri, hata mtoto angeelewa. Niliisoma ilipofika nikaishia pale uliposema napenda kuonewa huruma na majirani. Hapo nikaizima simu nikaitupa juu ya vitambaa, na sikuifungua tena mpaka uliponiambia. Mtu mwenye jambo la uhai hatangulizi matusi, mdogo wangu. Ungeliweka juu. Ungeliweka juu kabisa, kisha unitukane mpaka mwisho wa karatasi, ningekuwa nimeshalipata. Na mimi ningekuwa mtu mzima, nikasoma yote hata kama inachoma. Ndivyo ilivyo. Sina la kupunguza kwako wala kwangu.

Sasa sikiliza.

Baba alilala akitazama ukuta wiki kwa wiki. Amekonda, shati la mikono mirefu limekuwa kama amevishwa la mtu mwingine. Wiki iliyopita nilikata tamaa. Nilimwita fundi umeme aje auondoe ule mtungi wako, akautoa kabatini akauacha juu ya meza ya sebuleni, mimi nikawaza nitauuza, na tangi nitaliuza, na kiti nitakitoa nje. Nikaenda kumwambia Baba. Nikasimama mlangoni nikaona ule mgongo, nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Nikachukua simu nikakaa kitandani kwake, nikamsomea barua zetu.

Zote. Zangu na zako, kuanzia ya pampu. Sikuruka kitu. Nilimsomea ulivyonitukana, na nilivyokutukana. Nilimsomea ile ya kijiko, nikanywa maji nikaendelea. Nilimsomea chujio lako zuri na kile kimya cha bwana wa hotelini. Nilimsomea kwamba una likizo na unaogopa. Nilikuwa nataka aamue. Nilitaka hata kwa kope tu aniambie nani kati yetu ana makosa, maana nilikuwa na hakika ni wewe.

Nilipomaliza alikuwa bado anatazama ukuta. Kisha akautoa mguu nje ya shuka. Nikataka kumshika, akanisukuma mkono. Akashika ukuta. Alikwenda polepole mno, anatetemeka, mimi nyuma yake nimenyoosha mikono kama nafukuza kuku. Hakwenda kwenye tangi. Alikwenda kwenye meza. Akauweka mkono wa kushoto kwenye ule mtungi wako akausukuma. Ukaanguka sakafuni, mfuniko ukapasuka, kifungio kimoja kikaenda mpaka chini ya cherehani.

Akageuka. Uso umemwiva. Akaninyooshea kidole mimi. Kisha akaisonta simu mkononi mwangu, akaisonta mara ya pili ili nisije nikakosea anamsema nani. Mdomo ukampinda upande, mishipa ikamtoka shingoni, nikaogopa anaanguka tena.

Akasema, "Wapumbavu."

Haikutoka vizuri. Ilitoka imekwaruzika, vipande vipande, na mate. Lakini ilikuwa sauti yake, mdogo wangu. Nilikaa chini sakafuni pale pale kwenye vipande vya mtungi nikalia kama mtoto. Yeye akanitazama akasema tena, safari hii kwa urahisi zaidi.

Tangu siku hiyo hana neno jingine. Nikimpelekea chai ananiambia wapumbavu. Nikimwogesha, wapumbavu. Bwana wa mazoezi alipoingia akaambiwa naye, akacheka mpaka akashika mlango, akasema kwa wagonjwa wa namna hii matusi mara nyingi ndiyo yanayotangulia, mengine huja nyuma yake taratibu. Baba amerudi kwenye kula. Jana alikwenda mwenyewe varandani, akafunua kitambaa, akaligonga lile sanduku lake kwa vidole, akanitazama. Nimelirudisha juu ya tangi. Bwana Afya harudi, na kile kiti bado hajakikalia, namwona anakipita kwa pembeni. Lakini vile vikambare vinahitaji maji yanayokwenda, na Baba anahitaji kuyasikia.

Kwa hiyo pampu bado inatakiwa. Lakini usiitume. Nakwambia kwa herufi zinazosomeka, na nimeliweka mwisho kwa sababu najua safari hii utafika: usitume kitu chochote. Ibebe mwenyewe mkononi, kwenye sanduku lako mwenyewe, uje nayo.

Kila siku Baba ananinyooshea kidole mimi, kisha anaisonta simu, kisha anasema. La kwangu nalipokea, nimelistahili. La kwako nimekupokelea siku zote hizi na nimechoka. Uliogopa utamkuta kimya. Si kimya. Sauti inafika barabarani, majirani wanaisikia, na ina jambo na wewe, na halitumwi kwa kifurushi. Njoo uambiwe mwenyewe.

Dada yako.